Habari ya Wiki Moja, Kitabu cha Miaka: Mhadhara Uliotolewa Ujiji, Desemba 2025

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kaka na dada, na nyie wanafunzi mliojibana pale dirishani, habari za jioni.

Marehemu mjomba wangu alikuwa mvuvi wa dagaa pale Katonga. Mnajua kazi yenyewe: unatoka usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, unawasha karabai, kisha unasubiri. Dagaa hawaitwi, wanakuja wenyewe kwenye mwanga. Saa mbili, tatu, hakuna la kufanya ila kusubiri. Redio yake ya betri aliifunga kwa mpira wa baiskeli kwenye ubao wa kukalia ili wimbi lisiibebe. Humo alisikiliza taarifa ya habari, mpira, michezo ya kuigiza, hadithi. Asubuhi akirudi, kabla hata ya kunawa, anatusimulia alichosikia, na hapotezi hata jina moja. Kuandika aliweza jina lake tu. Mimi ndiye wa kwanza kumwita msomaji katika ukoo wetu, na namwita hivyo kwa moyo mmoja.

Nimeombwa nizungumzie vitabu vya sauti: msimu huu tusikilize nini. Nina njia moja ninayoifuata. Naangalia habari gani iko midomoni mwa watu, kisha naitafutia kitabu. Habari ikiingia kwenye simu leo, kesho inasukumwa na nyingine, keshokutwa hakuna anayeikumbuka. Lakini zile siku tatu nne ambazo bado ina moto, sikio la mtu limefunguka. Hapo ndipo pa kumpa kitabu. Ukichelewa, limeshajifunga.

Basi tuanze na msiba wetu. Tarehe 1 Oktoba mwaka huu Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe, alifariki akiwa na miaka 91, huko California, katikati ya ziara ya mihadhara. Siku ile hapa Kigoma kila mtu alikuwa na neno. Nilipita Kibirizi, pale zinapotokea boti za Gombe, nikawakuta vijana wanaoneshana picha zake kwenye simu. Wiki iliyofuata, kimya.

Kwa mtu aliyehuzunika kweli, mimi nampa kitabu alichokitoa mwaka 2021 akizungumza na Douglas Abrams kuhusu matumaini. Kwenye toleo la sauti wanaosoma ni wao wawili. Kwa hiyo unachosikia ni mazungumzo: mzee wa karibu miaka 90 anaulizwa swali, anakaa kimya kidogo, anavuta pumzi, anajibu polepole. Ule ukimya mdogo kabla ya jibu haupo kwenye karatasi. Mtu amefariki, na bado unamsikia akifikiri.

Kisha kuna kile cha mwaka 1971, kinachosimulia miaka yake ya mwanzo Gombe. Hicho nakipenda kwa sababu Kigoma imo ndani yake, Kigoma ya Julai 1960. Alifika hapa na mama yake akakuta mji umejaa Wabelgiji waliokimbia Kongo, maana Kongo ilikuwa imepata uhuru tarehe 30 Juni na machafuko yakaanza. Hakuweza kwenda Gombe mara moja. Yule binti aliyekuja kutafuta sokwe alianza kazi yake hapa mjini kwa kuwatengenezea wakimbizi mikate yenye nyama ya kopo ndani. Tarehe 14 Julai ndiyo akatia mguu Gombe. Mji wetu umepokea wakimbizi mara nyingi toka wakati huo, wengi wao wakiwa na vitu vichache kuliko wale. Mtoto wa Kigoma akisikia ukurasa ule, anajua dunia haikuanza kupita hapa jana.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza wiki iliyopita, "Mwalimu, kusikiliza si uvivu?" Swali lile limenikaa. Jibu langu analo Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya, aliyetutoka tarehe 28 Mei mwaka huu huu. Mwaka 1978 akiwa amefungwa gereza la Kamiti, bila kesi, aliandika riwaya kwa Kigikuyu kwenye karatasi za chooni. Ilichapishwa 1980, na mwaka 1982 ikatoka kwa Kiswahili, *Shetani Msalabani*. Yeye mwenyewe ameeleza kilichotokea baada ya hapo. Familia zilikusanyika jioni, mmoja akawasomea wengine. Wafanyakazi waliisoma kwa sauti wakati wa chakula cha mchana. Ilisomwa kwenye mabasi. Na kwenye baa wakatokea wasomaji hodari: msomaji anasoma, anafika pale utamu ulipokolea, anakifunika kitabu na kuweka chini. Anaangalia bilauri yake. Mpaka wasikilizaji waijaze ndipo aendelee.

Fikirini meza ile. Watu wametoka kazini, wamechoka, wengine hawajui kusoma, na wanalipia bia ya mtu ili wajue Wariinga, yule binti wa riwaya, amefanya nini. Hakuna mvivu pale. Kitabu kilichoandikwa kwa lugha ya mama kilirudi kwenye sikio bila mtu kukilazimisha. Ndiyo maana nasema mwaka huu, kumkumbuka Ngũgĩ, kitafuteni kile kitabu cha Kiswahili na mkisome kwa sauti nyumbani, sura moja kwa usiku. Msomaji mpokezane. Chai inatosha mahali pa bia.

Vijana wengi mnamwangalia Trevor Noah kwenye vipande vifupi vya video. Dakika moja, mnacheka, mnapitisha kidole. Mpeni kama saa tisa za kusikiliza. Maisha yake ameyaandika (kitabu kilitoka 2016) na toleo la sauti amelisoma mwenyewe. Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1984, mama Mxhosa, baba Mzungu wa Uswisi, wakati sheria ya makaburu ilikataza watu hao wawili kulala pamoja. Kuzaliwa kwake kulikuwa ushahidi wa kosa. Kwenye karatasi utaona tu kwamba mama yake alisema jambo kwa Kixhosa. Kwenye sauti unamsikia yule mama akikemea, na unajua huyu ni mama wa kwetu.

Kuna sehemu anasimulia vijana wa Kizulu wanaomfuata njiani, wanapanga kumkaba, hawajui kuwa anawaelewa. Anageuka, anawajibu kwa Kizulu. Mambo yanaisha, wanamwomba radhi. Nyie wa soko la Mwandiga, mnaouza kwa Kiha, mkapunguza bei kwa Kirundi na kupokea salamu kwa Kiswahili cha Kongo, hamhitaji maelezo yangu hapo.

Sasa nakuja kwenye jambo lililo zito zaidi kwangu. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba radhi kwa mauaji ya Majimaji. Tangu hapo habari za mafuvu na mifupa ya wazee wetu iliyoko kwenye makumbusho ya Ulaya zinakuja na kuondoka, zinakuja na kuondoka. Kila zikija mimi nafikiria mwili mwingine, ambao wenyewe ulirudishwa kwao.

David Livingstone alifariki kwa Chitambo, Zambia ya leo, mwaka 1873. Hapa Ujiji tunaoneshwa mahali alipokutana na Stanley mwaka 1871, chini ya mwembe, na watalii wanapiga picha. Lakini nani aliubeba mwili wake mpaka Bagamoyo? Chuma, Susi na wenzao, wanaume, wanawake na watoto, kwa miguu, miezi na miezi, wakapita Unyanyembe pale Tabora, wakafika pwani Februari 1874. Mwandishi wa Zimbabwe, Petina Gappah, ameandika riwaya juu ya safari ile, ilitoka 2019. Sehemu ya kwanza amempa usimulizi Halima, mpishi wa msafara. Kitabu kiko kwa sauti. Naomba kina mama mkisikilize hicho kabla ya vingine vyote. Halima ana ulimi. Anamsema kila mtu, anakumbuka alivyouzwa na kununuliwa, anajua nani alikula nini na nani alilala wapi. Kwa miaka 150 tumeusikia msafara ule kupitia wazungu wake. Humu unasikika kutoka jikoni.

Mkimaliza, sikilizeni kitabu cha Stanley mwenyewe cha mwaka 1872. Kiko LibriVox, tovuti ya vitabu vya sauti, bure. Kina dharau kwa wapagazi, sitawaficha, na kuna mahali utataka kuzima simu. Msizime. Ukishamsikia Halima, utamsikia Stanley kwa sikio jingine.

Kuhusu meli yetu ya Liemba, nisizungumze sana maana hapa wapo wanaoijua kuliko mimi. Riwaya ya C. S. Forester ya 1935, iliyotengenezewa filamu ya Humphrey Bogart na Katharine Hepburn mwaka 1951, ilichota kwenye vita vya ziwa hili. Meli ya kweli ililetwa kutoka Papenburg ikiwa vipande ndani ya makasha, ikaunganishwa hapa Kigoma, na Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe baada ya kuipaka mitambo grisi ili isioze. Ile grisi ndiyo inayonivutia: mtu anazamisha chombo chake huku amepanga kurudi. Riwaya inasisimua, lakini watu wa hapa wamefutwa humo karibu wote. Sikilizeni mkijua hivyo.

Na wale mnaotaka kuiona filamu ya Christopher Nolan ya Julai 2026, ya yule baharia Mgiriki anayepotea majini miaka kumi akitafuta kwao, tangulieni na utenzi wenyewe, Odyssey. Tafsiri ya Emily Wilson ya mwaka 2017 inasomwa na Claire Danes. Ni Kiingereza cha kawaida, na utenzi ule ulitungwa kwa ajili ya sikio kabla ya kalamu, kama tenzi zetu.

Swali la gharama. Vitabu vya LibriVox vinasomwa na watu wa kujitolea tangu 2005, na ni vile vilivyotoka kwenye hakimiliki. Saa moja ya sauti pale, kwa ubora wao wa kawaida, ni kama megabaiti 29. Kitabu cha saa kumi ni kama 290. Pakua usiku ukiwa na bando la usiku, weka kwenye memori kadi, kisha hata kitochi kinapiga. Maduka ya kulipia yapo, ila kabla ya kulipa hakikisheni kitabu kinafunguka nchini kwetu. Mwaka jana duka moja la mtandaoni lilinikata hela, kisha likaniambia kitabu hakipatikani nilipo. Hela haijarudi mpaka leo, na iliniuma, maana ilikuwa ya kitabu cha darasa zima.

Na wenzetu wasioona. Vitabu vya sauti vilianza kwa ajili yao: kule Uingereza vilianza mwaka 1935, vikirekodiwa kwenye santuri, askari waliopofuka vitani wakiwa mbele. Leo kuna Mkataba wa Marrakesh wa 2013, na Tanzania imejiunga, unaoruhusu vitabu vyenye hakimiliki kugeuzwa kwa ajili ya wasioona. Kwa wengine sisi, kurekodi kitabu chenye hakimiliki na kukisambaza bila ruhusa ni wizi. Tusomeane nyumbani, basi.

Lakini mmeona tatizo. Nimewatajia vitabu vingi, na vya sauti karibu vyote ni vya Kiingereza. Mjomba wangu asingesikia hata kimoja. Hilo linanikosesha usingizi.

Kipo kitabu cha Kiswahili kilichotoka kwenye hakimiliki zamani sana, nacho kinahusu njia hii hii ya Tabora na Ujiji: maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe. Aliyaandika kwa herufi za Kiarabu, Mjerumani Heinrich Brode akayaweka kwa herufi za Kilatini, yakachapishwa Berlin mwanzoni mwa karne iliyopita. Tippu Tip alifariki 1905. Alifanya biashara ya pembe na ya watu, na anaisimulia bila kutikisika, kwa sauti ya mfanyabiashara anayehesabu faida. Wapo humu ambao bibi zao waliletwa Ujiji na misafara ile. Ndiyo sababu nataka kisomwe na watu wa hapa, na katikati ya sura tuache muda, tuzungumze. Hata jina lake ni sauti. Anasema watu walimwita hivyo kwa mlio wa bunduki zake.

LibriVox wanapokea lugha yoyote. Tunaanza Jumamosi saa nne asubuhi, chumba cha nyuma hapa hapa. Kina zulia; naomba mablanketi manne mazito ya kutundika ukutani ili sauti isirudi. Feni tutazima. Simu ya kurekodi ninayo. Nahitaji vijana wawili wa kukata makosa kwenye kompyuta, na wazee watatu wanaotamka Unyanyembe, Urua na Manyema jinsi bibi zao walivyotamka. Wazee mliokaa mstari wa mbele, karatasi ya majina naianzia kwenu.