Kijineno kinachokaa tumboni

Mmeshanisikia nikizilalamikia orodha za "phrasal verbs", vile vitenzi vya Kiingereza vinavyofuatana na kijineno kama "on" au "off", na leo nalalamika tena. Mwanafunzi anapewa karatasi yenye "put on", "put off", "put out", "put away", anakesha akikariri, asubuhi vyote vimekuwa uji. Kosa si lake. Vinavyofanana ukivifundisha siku moja, umemtegea. Leo mpe sweta: "Put on your sweater, it's cold." Wiki ijayo mpe moto: "Put out the fire before you sleep." Kila kimoja kije na kitu chake.

Ila leo nataka tukae kwenye "it". Ambia darasa: zima redio. "Turn off the radio." Sawa. "Turn the radio off." Sawa pia. Redio tumeshaitaja, sasa nataka "izime". Hapo ndipo utakaposikia "turn off it", na mwalimu naye anaitikia! Ni "turn it off", hakuna njia ya pili. Na Mswahili hana haki ya kushangaa. Tunasema "niliizima". Hiyo "i" ya redio imekaa wapi? Tumboni mwa kitenzi, mbele ya mzizi. "I turned it off": "it" nayo imejibanza katikati. Jina zima lina ruhusa ya kukaa nje. Kijineno kidogo lazima kiingie ndani.

Najua, kuna mtu pale nyuma ameshika "look after" kama rungu. Kweli, mtoto "unamtunza", lakini Kiingereza ni "look after him". Ukisema "look him after" umeharibu. Hapo Kiswahili chetu hakitusaidii, kwa hiyo tega sikio. Katika "turn it off" sauti inapanda kwenye "off". Katika "look at it" sauti iko kwenye "look", na "at" inamezwa. Kwa kawaida, neno la pili likitamkwa kwa nguvu, "it" huingia kati. Likimezwa, "it" hubaki nyuma. Ndiyo maana nasema mifano isomwe kwa sauti, si kunakiliwa tu. Sikio likikwama, fungua kamusi ya wanafunzi uone "something" imeandikwa katikati au mwishoni.

Daftari basi: vitenzi 5 kwa wiki, visizidi. Kinachotenganishika, yaani kinachoruhusu "it" katikati, kiandikie sentensi 3: "Pick up the parcel. Pick the parcel up. Pick it up." Kisichotenganishika, 2 zinatosha. Jumapili funika kurasa, jitungie upya ile ya mwisho tu, kwa sababu ndiyo inayoangusha watu.

Na hiyo "pick" jamani, msiikate mkia! "I'll pick you at six" imezagaa kwetu. Mwingereza anasikia kama utamchagua saa kumi na mbili. "I'll pick you up at six."

Haraka haraka sasa. "My flour is finished" acheni. "Nimeishiwa unga" ni "I've run out of flour", mwenye unga ndiye anayetangulia, kama kwetu. "Cope up with" haipo, ni "cope with". "Look forward to" inafuatwa na "seeing", si "see". "Put up with" nilikuwa na mengi juu yake, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali?