Ukisoma Isimu Utaacha Kucheka Lafudhi za Watu

Haya, walionisikia mwaka jana mnajua naelekea wapi, vumilieni tu, mimi hili nitalisema mpaka nistaafu. Mtu akija kwetu kusoma isimu, yaani sayansi ya lugha, mwaka wa kwanza anakuja na imani moja, kwamba kuna watu wanaongea Kiswahili na kuna watu wanakiharibu, na kwa bahati nzuri sana yeye yuko kundi la kwanza! Sijawahi kukutana na aliyeingia darasani akasema mwalimu mimi ni mharibifu. Alafu baada ya kama semista mbili ile imani inaanza kumponyoka, na mimi hapo ndo napapenda.

Tuchukue l na r, mana najua ndo mnayoicheka. Mtu kasema "nimekura chakura", ukumbi mzima chini. Eti hajasoma, eti katoka porini, na hapohapo mshajua kabila lake na akili yake mshaipima. Sasa tulieni. Kikuyu kwa mfano kina r, l hakina. Zipo lugha kibao za Kibantu ambazo nafasi hiyo zina sauti moja tu, na hata kile Kibantu cha kale ambacho wataalamu wamekijenga upya kwa kulinganisha lugha zilizopo, hakikuwa na l na r kama sauti mbili za kutofautisha maneno. R nyingi tunazojivunia sisi zimekuja na maneno ya Kiarabu, habari, rafiki, karatasi, hizo hizo. Kwa iyo unamcheka mtu kwa kukosa kitu ambacho bibi yako wa zamani sana naye hakuwa nacho.

Na siyo uvivu. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees kule Kanada walichapisha utafiti, walichukua watoto wachanga wa nyumba zinazoongea Kiingereza wakawasikilizisha sauti za Kihindi ambazo Kiingereza hakizitofautishi. Wa miezi 6 hadi 8 wengi wanazitofautisha vizuri tu. Wanaokaribia mwaka, wengi hawazitofautishi tena. Yaani kabla mtoto hajasema "mama" vizuri ubongo ushaamua sauti zipi zina kazi hapa nyumbani na zipi ni kelele. Huyo mtu mzima wa chakura ni mtoto aliyemsikiliza mama yake kwa makini, basi.

Najua kuna mtu pale anasema moyoni, sawa mwalimu ila mimi nazisikia zote mbili. Hongera. Sasa nenda Mombasa, Mji wa Kale, kaa barazani na mzee wa pale akutajie kaa wa baharini na kaa la moto. Wewe wa bara unasikia neno moja, yeye kasema mawili. Ile k ya kaa wa baharini inatoka na pumzi, weka kiganja mbele ya mdomo wake (muombe kwanza, mtu mzima huyo) utaisikia inapiga. Ya kaa la moto haina. Paa yule mnyama na paa la nyumba ni hivohivo. Alafu t zake ziko mbili, moja ulimi unagusa meno, nyingine unarudi nyuma kidogo kwenye ufizi, na tahajia yetu inaziandika zote t moja kama vile hakuna kitu. Mimi huwa nawawekea rekodi darasani wanyooshe mkono, hii ni kaa ipi, na wengi wanabahatisha kama wanacheza bahati nasibu, na ni walewale wa kucheka chakura! Mzee wa Mombasa akiamua kutucheka na sisi, hapa ndani nani atabaki na heshima yake?

"Kwa iyo mwalimu tuandike tunavyotaka kwenye mtihani." Hili swali kila mwaka lipo. Jamani, sijasema hivo. Sanifu ni sare ya shule, vaa, ina kazi yake, mtoto wa Kigoma na wa Lamu wasome kitabu kimoja. Ila usimwambie mtu kwamba bila sare yuko uchi. Sanifu ilichaguliwa na watu, kwenye kikao. Wamisionari wa Mombasa tangu enzi za Krapf, yule mmisionari Mjerumani, walikuwa na Kimvita chao, Kiswahili cha Mombasa, wa Unguja na askofu wao Steere wakawa na Kiunguja, mkutano wa 1928 ukakipitisha Kiunguja, na mkutano wenyewe ulifanyika wapi? Mombasa! Kimvita kimeshindwa nyumbani kwake. 1930 ikaanza kamati ya lugha ya makoloni ya huku kwetu, imejaa maofisa elimu wa serikali na wamisionari, hao ndo wakawa wanapitisha kitabu kipi Kiswahili chake kinafaa. Lugha ya Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mombasa, na Muyaka alikufa kabla hata Krapf hajatua, ikawa "lahaja". Kwa kikao.

Ngoja niende haraka. Kitabu yangu, vitabu zangu, ya Nairobi. Mnasema hawa hawana sarufi. Sikilizeni vizuri: kimoja yangu, vingi zangu, na haibadiliki ovyo, vitu vyote vimepelekwa kwenye ngeli moja. Hiyo ni kanuni. Na sisi je? Kwanini unasema kiboko amelala na siyo kiboko kimelala? Kwasababu Kiswahili kilishachukua kila chenye uhai kikakipeleka kwenye ngeli ya mtu, umbo la neno lisijali. Tumefanya kilekile, sisi tumefanya mapema tu tukapewa vitabu. Tena toni, ile sauti kupanda na kushuka ikabadilisha maana, tumepoteza, Msukuma anayo, Mpare anayo. Zile ngeli za ka na tu za vitu vidogo sanifu haina, Msukuma anazo, Mkikuyu anazo. Anayesema katoto anaambiwa kaleta kilugha, wakati yeye ndo kabaki na cha zamani. Ukitaka kuita kitu "kibovu" kwa Kibantu, anza na hicho tunachokilinda.

Mkongo na "batoto" wake naye, hiyo ba- ipo kwenye lugha kibao za Kibantu na w- yetu ndo imelainika, lakini mtu anamsikia Mlubumbashi anaanza kumrekebisha, mtu ambaye kazaliwa nacho, kalelewa nacho, katongoza nacho! Unamrekebisha nini?

Na wale wa Kiswahili ni Kiarabu kilichochanganywa, leo sina nguvu, nendeni mkaangalie Kipokomo na Kimijikenda na Kikomoro, ndugu zake wa damu hao, wanaitwa kundi la Sabaki, mtaona viambishi vinavyofanana mpaka mnachoka. Mkopo wa maneno haubadilishi ukoo.

Sheng, ile ya vijana wa Nairobi, nilikuwa nimeiandaa na slaidi zake, ila mratibu ananionyesha saa tangu kitambo. Itabidi wakati mwingine. Maswali, tuanze na dada pale dirishani.