Bomba la lami likiganda asubuhi

Karibuni jamani, sogeeni mbele, na nyie wa Moshi mliodamka na basi la alfajiri asanteni sana. Leo naongelea bomba tu, hili la chuma linalopandisha lami kutoka kwenye tangi la kuchemshia mpaka juu ya slabu, yaani paa la zege, maana tangi kila mtu analiogopa ila bomba watu wanalipita kama ngazi.

Baridi ya Arusha ya mwezi wa 7 mnaijua. Ukiacha lami ndani ya bomba jioni, asubuhi ni jiwe, na fundi kwa haraka anachukua tochi ya gesi anapiga katikati. Hapo ndo tunaumizana! Ile ya katikati inayeyuka inatanuka, huku kumeziba na kule kumeziba, sasa itaenda wapi? Nilikuwepo saiti moja Njiro, kizibo kikachomoka kwa mlio wa tairi la lori, lami ikamshika mwenzetu kuanzia kiwiko mpaka vidoleni. Anzia kwenye mdomo ulio wazi, rudi ndani taratibu, valvu wazi, na asisimame mtu mbele ya mdomo, hata bosi.

Tulimmwagia maji baridi dakika 20, kuna mmoja akataka kuibandua ile lami nikamdaka mkono. Usibandue, inatoka na ngozi, waachie hospitali.

Ila maji hayohayo yakiwa ndani ya bomba ni hatari tupu. Yakikutana na lami ya digrii 200 yanageuka mvuke yanatanuka zaidi ya mara 1,600, lami inafura kama maziwa jikoni alafu inaruka. Kwahiyo bomba lililolala nje likanyeshewa, liinamishe, limwage, likauke kabisa ndo ulifunge. Na lami ikishika moto usimwagie maji, funika tangi, tumia mtungi wa kuzimia moto, ule wa poda.

Kingine, chuma kinarefuka, bomba la mita 6 likitoka digrii 20 kwenda 220 linaongezeka kama milimita 14, ukilikaza na waya kwenye jukwaa maungio yanaanza kuvuja, kwahiyo lishikwe ila liweze kuteleza. Mitungi ya gesi mita 3 au zaidi kutoka kwenye tangi. Suruali juu ya buti, sio ndani.

Jioni sasa, kabla hamjanawa mikono, zima pampu, fungua valvu, lami irudi yenyewe kwenye tangi kwa mteremko.

Haya njooni, hili nimelipasua, pitisheni kidole muone lami iliyoungulia humo ndani ilivyolibana.