Kabla ya Jengo la Kwanza: Udongo, Kimo na Umiliki wa Bandari ya Zamani

Mwenyekiti, mabibi na mabwana, nimeombwa kuzungumzia majengo ya kijani, yaani yanayotunza mazingira, katika bandari zilizoachwa na viwanda. Nitayafikia muda ukiruhusu, na huenda usiruhusu, kwa sababu kuna jambo lazima litangulie, na nitaendelea kulisema hadi nilione limeandikwa kwenye mikataba. Mtaa wa ufukweni hudumu au huharibika kutokana na mambo yanayoamuliwa kabla ya jengo la kwanza kusimama. Udongo wake una nini? Uko juu ya bahari kwa mita ngapi? Na ni mali ya nani? Michoro yenye miti na baiskeli haijibu hata swali moja kati ya hayo.

Kwa nini bandari hizi zilibaki tupu mnajua: makontena, meli kubwa zinazotaka kina kirefu, kazi ya kuunda meli kuhamia Asia. Sitakaa hapo.

Nianze na Malmö, Sweden. Mwaka 2002 kreni kubwa ya kiwanda cha meli cha Kockums, yenye kimo cha mita 138 na uwezo wa kuinua tani 1,500, ilisafirishwa hadi Ulsan, Korea Kusini, baada ya kuuzwa kwa dola moja. Wakorea huiita Machozi ya Malmö. Kila anayezungumzia mji huo husimulia kisa hiki, kisha huruka hadi mnara wa Turning Torso uliokamilika mwaka 2005, mita 190 kwenda juu, kana kwamba kati ya kreni na mnara hapakufanyika kitu. Hili linanikera. Eneo lile, Västra Hamnen, ni bahari iliyofukiwa, kisha likakaliwa na viwanda kwa miongo mingi. Kabla ya maonyesho ya makazi ya Bo01 ya mwaka 2001, udongo wake uliochafuka ulibidi ushughulikiwe kwanza, ndipo watu walale pale na watoto wachezee mchanga. Hakuna anayepiga picha kazi ya namna hiyo, lakini bila hiyo mnara ungekuwa umesimama juu ya sumu.

Maana tunapozungumzia udongo wa bandari ya zamani, tunazungumzia vitu vyenye majina. Palipokuwa na kiwanda cha meli kuna madini ya risasi, na kuna tributilitini, kemikali iliyotiwa kwenye rangi ili chaza na magugu yasishike kwenye matumbo ya meli. Mkataba wa kimataifa wa kuipiga marufuku ulianza kufanya kazi mwaka 2008, lakini iliyokwisha kumwagika imelala kwenye tope, na ukichimbua tope hilo ovyo unaiamsha. Palipokuwa na kiwanda cha gesi ya makaa ya mawe utakuta lami na benzeni, kemikali ya sumu inayogeuka mvuke kwa urahisi. Mbao zilipotiwa dawa, mara nyingi kuna sumu ya aseniki. Mafuta yaliyovuja huelea juu ya maji ya chini ya ardhi, na karibu na bahari maji hayo hupanda na kushuka kwa kujaa na kupwa. Sumu hiyo inatembea. Leo umeipima hapa, kesho iko kwa jirani.

Najua kuna anayesema moyoni: si tumwage zege tu, yaishe? Kufunika ni njia halali, na mahali pengine ni bora kuliko kubeba maelfu ya malori ya uchafu kwenda kuwatupia watu wengine. Lakini kufunika bila kupima ni sawa na kupaka rangi ukuta wenye unyevu. Mvuke wa benzeni hupenya kwenye nyufa za sakafu ukaingia chumbani. Mizizi ya miti hushuka. Bomba likipasuka miaka ishirini baadaye, fundi atachimba bila kujua anachimba nini. Kwa hiyo ukifunika, andika kwenye hati ya kiwanja ni nini kilichoko chini yake, acha visima vya kupimia maji, na mtaje kwa jina atakayevipima na atakayelipa. Nimesoma mipango mizuri sana isiyokuwa na mstari huo, na kila mara nauliza, na kila mara naambiwa litaangaliwa baadaye. Baadaye ni lini, watu wakishahamia?

Sasa kimo. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Februari 1962, dhoruba ya Bahari ya Kaskazini ilivunja matuta ya kuzuia maji ya Hamburg, Ujerumani, na watu 315 wakafa ndani ya mji. Mwaka 1976 maji yalipanda zaidi, hadi mita 6.45. Kwa hiyo mji ulipotangaza mwaka 1997 kwamba utajenga mtaa mpya, HafenCity, kwenye bandari yake ya zamani upande wa nje wa matuta, swali la kwanza lilikuwa maji. Wangeweza kuuzungushia ukuta. Ukuta ungewaficha mto, na ungebidi ukamilike wote ndipo nyumba ya kwanza iwe salama. Wakaamua kuinua viwanja na barabara hadi mita nane hivi juu ya usawa wa bahari, kimoja kimoja kadiri ujenzi ulivyosonga. Magati ya zamani yakaachwa chini yalivyokuwa. Dhoruba ikija, maji huruhusiwa kupanda juu ya njia za kutembea, milango ya chuma ya ghorofa za chini hufungwa, na watu hupita kwenye barabara za juu. Sehemu ya kuinuka huko imejazwa na maegesho ya magari, siyo udongo mtupu.

Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, katika ripoti ya mwaka 2021, linakadiria kwamba tukiendelea kuchoma makaa na mafuta kwa wingi, bahari itapanda kati ya sentimita 63 na mita 1.01 ifikapo mwaka 2100. Majengo tunayoidhinisha sasa yatakuwepo. Kimo cha kiwanja hakirekebishwi jengo likishasimama, na yeyote anayewaambia litashughulikiwa na wahandisi wa kizazi kijacho anawauzia nyumba ya wajukuu zenu.

Pesa zitatoka wapi? Hapo ndipo umiliki unapoingia. Ardhi yenye sumu, inayofurika maji, bila barabara, ina bei ndogo. Ikisafishwa, ikiinuliwa, ikapata usafiri, bei hupanda. Ukiiuza mapema, pandisho hilo anaondoka nalo mnunuzi na umma unabaki na bili ya kusafisha. Hamburg ilimiliki sehemu kubwa ya ardhi ile, ikauza viwanja polepole, na mapato yakalipia barabara, madaraja na magati. Tena mjenzi alipewa kwanza muda wa kuandaa mpango wake pamoja na mji kabla ya kukabidhiwa hati. Akisuasua, kiwanja kinarudi.

Muda umenibana, basi haraka haraka. Usafiri utangulie watu: Canary Wharf, mtaa wa maofisi kwenye bandari ya zamani ya London, kampuni iliyoujenga ilifilisika mwaka 1992, na reli ya chini ya ardhi haikufika hadi 1999. Nishati: mtaa wa Bo01 kule Malmö ulichota joto kutoka baharini na kwenye miamba yenye maji, lakini nyumba nyingi zilitumia zaidi ya lengo la kilowati-saa 105 kwa mita ya mraba kwa mwaka, kwa hiyo pimeni baada ya watu kuhamia, siyo kwenye makaratasi tu. Kuhusu miti na mabwawa, Malmö ilimtaka kila mjenzi achague angalau vipengele 10 vya kijani kati ya orodha ya 35. Mengine yaulizwe kwenye maswali.

La mwisho ni nani ataishi hapo. Malmö na HafenCity zote zililaumiwa kwa kuanza na nyumba za wenye nacho, na lawama hiyo ni ya haki. Lakini Hamburg iliweza kujirekebisha: katika sehemu zilizojengwa baadaye ilidai takriban theluthi ya nyumba ziwe za kodi nafuu yenye ruzuku. Iliweza kudai hivyo kwa sababu viwanja hivyo ilikuwa bado haijaviuza.