Goti linauma, shika spana kwanza

Haya jamani sogeeni mbele, leo tunaongelea miguu ya sisi waendesha baiskeli tu, yale maumivu ambayo hukuanguka wala hukugongwa na bodaboda ila goti linauma, na wengi mmekuja mnanukia dawa ya kuchua, nawasikia mpaka huku.

Piga hesabu. Ukinyonga mizunguko 80 kwa dakika, saa moja kila mguu umezunguka mara 4,800, sasa nenda Bagamoyo urudi na siti iliyokaa vibaya uone. Msuli unazoea haraka, kano, ile kamba inayofunga msuli kwenye mfupa, haipati damu nyingi kama msuli kwa hiyo inachelewa, ndo maana pumzi iko poa, mapaja yako poa, halafu kano ya chini ya pia ya goti inagoma.

Mimi nikikuona unachechemea nakwambia weka kidole panapouma. Mbele ya goti, mara nyingi siti iko chini au unapenda gia nzito. Nyuma ya goti, siti imepanda mno.

Kupima hakutaki mashine. Egemea ukuta, pedeli iwe chini kabisa, weka kisigino juu yake, mguu unyooke bila kiuno kuyumba, ukikanyaga kawaida goti litabaki limekunjika kidogo. Bandika tepu kwenye bomba la siti ujue ilipokuwa, sogeza milimita 3 hadi 5, endesha siku kadhaa ndo uguse tena, sio mtu anapandisha inchi nzima kesho analalamika nyuma ya goti, ah!

Na kilima cha Pugu mnakipanda na gia ya kushukia, eti gia nyepesi ni ya mabishoo, upuuzi mtupu. Shusha gia, nyonga haraka haraka.

Dada hapa anauliza aache kabisa? Mara nyingi hapana, punguza umbali, kaa tambarare, kesho yake asubuhi kama goti halijazidi kuuma endelea hivyo hivyo, ongeza polepole. Ila kumeza diklofenaki ili uweze kuendesha mi nakataa, maumivu yanazimwa goti linaendelea kuumia.

Kigimbi cha mguu mmoja kikivimba na kina moto, hapo usichue wala usinyooshe, hospitali siku hiyohiyo, inaweza kuwa damu imeganda.

Haya nani kaja na baiskeli yake? Ilete hapa, na anayeshika spana aje.