Jina la Mbele ya Boksi Halitoshi: Mhadhara Kuhusu Kuchagua Kadi ya Grafiki kwa Bajeti Ndogo

Asanteni. Njooni mbele, viti vipo. Wengi wenu tumeshakaa pamoja kwenye vikao vilivyopita, kwa hiyo sitapoteza muda kueleza kwa kirefu kadi ya grafiki, ile sehemu ya kompyuta inayochora picha za skrini, na kwa nini gemu nzito haziendi bila yake. Naanza na kijana mmoja. Mliowahi kunisikia nikimsimulia mnivumilie, maana wenzake naletewa kila mara.

Kijana huyu alikuja na kompyuta aliyoiunda kwa mikono yake. Kazi safi: nyaya zimepitishwa nyuma, skrubu zote zipo, vumbi hakuna. Akaiweka mezani akasema, "Fundi, kadi yangu inaumwa." Alikuwa ametazama video ya gemu anayoipenda ikichezwa kwenye kadi yenye jina lile lile la kadi yake, na kule ilikuwa inateleza. Kwake inakwamakwama. Ukigeuka ghafla ndani ya gemu, picha inaganda, inaruka, inaganda tena. Draiva, ile programu inayoiendesha kadi, alishaibadilisha mara nne. Windows alishaifuta na kuiweka upya. Aliishuku prosesa, akaishuku RAM, mwisho akaushuku umeme wa nyumbani kwao.

Nikamwomba boksi la kadi. Bahati nzuri alikuwa amelitunza. GT 1030, gigabaiti 2, imeandikwa mbele kwa herufi kubwa. Nikaligeuza ubavuni, nikamwonyesha herufi ndogo ambazo hakuwahi kuzisoma: DDR4, yaani aina ya kumbukumbu iliyomo kwenye kadi. Kisha tukafungua GPU-Z, ile programu ndogo ya bure inayosoma taarifa za kadi, nikaweka kidole kwenye mstari wa kasi ya kumbukumbu: gigabaiti 16.8 kwa sekunde. Tukarudi kwenye video yake, tukaisimamisha pale mwenye video anapoonyesha kadi yake. GDDR5, aina nyingine ya kumbukumbu. Hiyo inapitisha gigabaiti 48 kwa sekunde.

Arobaini na nane kwa kumi na sita nukta nane. Karibu mara tatu. Na jina ni moja.

Tuelewane hapa, maana nyumba nzima ya maneno yangu ya leo imesimama juu ya nguzo hii. Kadi ya grafiki ina viini vidogo vingi vya kukokotoa. GT 1030 ina 384, iwe ya DDR4 iwe ya GDDR5. Vichukulieni kama wapishi 384 kwenye jiko la shughuli kubwa. Kumbukumbu ya kadi ndiyo stoo, na ile kasi tuliyoisoma ndiyo mlango wa stoo. Ukibaki na wapishi wale wale, halafu ukaubana mlango mpaka theluthi yake, wapishi watasimama na visu mikononi wakisubiri vitunguu. Hawana kosa lolote. Na walaji hawasubiri: skrini ya hezi 60, yaani inayobadilisha picha mara 60 kwa sekunde, inataka fremu, yaani picha mpya, kila milisekunde 16.7. Fremu ikichelewa, ya zamani inaonyeshwa tena, na jicho lako linaona mkwamo. Ugonjwa wa yule kijana ulikuwa huo tu. Kadi ilikuwa nzima kabisa, ilikuwa inafanya kila ilichopewa uwezo wa kukifanya.

Alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza: "Sasa kwa nini hawakuibadilisha jina?"

Swali hilo sijaweza kulisahau. Toleo la GDDR5 lilitoka 2017. La DDR4 likafuata 2018. Katikati hapo watu walishalipima la kwanza, walishalisifia, walishatengeneza video. Sifa zote hizo zikarithiwa na kadi nyingine kwa sababu tu ya kuitwa jina moja. Mwenye fedha nyingi hadhuriki, yeye haangalii kadi za daraja hili. Anayeumia ni yule aliyejibana miezi na miezi, akanunua mara moja, na hana ya pili. Ndiye anayeuziwa mbuzi kwenye gunia. Hilo linanikera, na nitaendelea kulisema.

Kuna atakayeniambia: fundi, hiyo ni kadi moja, tena ya zamani. Haya. GTX 1060 ya mwaka 2016 ilikuwa na toleo la gigabaiti 6 na toleo la gigabaiti 3. Watu walidhani tofauti ni kumbukumbu peke yake. Ya 6 ilikuwa na viini 1280, ya 3 ilikuwa na 1152. Bado ni zamani? RTX 3060 ilitoka Februari 2021 na gigabaiti 12, mlango wake ukipitisha gigabaiti 360 kwa sekunde. Mwaka uliofuata likaja toleo la gigabaiti 8, mlango ukashuka mpaka 240. Jina halikuguswa. RTX 3050 ya gigabaiti 8 ina viini 2560. Ya gigabaiti 6, iliyotoka 2024, ina 2304. Mnataka la juzi? Mwaka 2025 zimetoka RTX 5060 Ti na RX 9060 XT, na kila moja ina toleo la gigabaiti 8 na la gigabaiti 16 chini ya jina lile lile. Kwa hiyo mtu asiniambie mambo haya yameisha.

Na ili nisiwe mdhalimu: RTX 3050 ya gigabaiti 6 ina faida yake, tena kubwa. Inakula wati 70 tu, na tundu la kadi kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, linaweza kutoa hadi wati 75. Maana yake aina nyingi za kadi hiyo hazihitaji waya wowote kutoka kwenye pawasaplai, lile boksi la kugawa umeme ndani ya kompyuta. Una kompyuta kuukuu ya ofisini, pawasaplai yake ndogo, haina hata waya wa kadi? Unaichomeka, unafunga kasha, unacheza. Kadi yenyewe sina ugomvi nayo. Ningekuwa naisifia kila siku kama ingepewa jina lake.

Sasa wengine mmeshaanza kujisemea moyoni: basi nitatazama gigabaiti. Hapana! Huo ni mtego wa pili, na wauzaji wanaujua kuliko ninyi. Kuna GT 730 zenye gigabaiti 4 za DDR3. Kwa hesabu ya gigabaiti inaishinda GT 1030 ya kijana wetu mara mbili. Ukizicheza, haioni ndani hata kwa ile ya DDR4. Stoo kubwa yenye mlango wa kupenya kwa ubavu itakusaidia nini? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na siku hizi kibaya kinatembezwa kwenye boksi lenye picha ya joka linalotema moto.

Basi utazame nini? Kumbukumbu ni kiasi gani na ni ya aina gani. Mlango wake unapitisha gigabaiti ngapi kwa sekunde. Kadi inatumia njia ngapi kuzungumza na mazabodi. Inakula wati ngapi. Mambo hayo manne yatafute kwenye ukurasa wa mtengenezaji, na ukiyasoma jina unaweza kulifunika kwa kidole. Baada ya hapo ndipo utafute majaribio ya kadi hiyo hiyo, toleo hilo hilo, kwenye gemu unazozicheza wewe.

Hilo la njia halipewi uzito, ngoja nilikazie. Januari 2022 ilitoka RX 6500 XT. Gigabaiti 4, na inatumia njia nne tu za PCIe, yaani ule mfumo unaoiunganisha kadi na mazabodi, wakati kadi nyingi tulizozizoea zina nane au kumi na sita. Kwenye mazabodi mpya yenye toleo la PCIe 4.0, njia nne zinapitisha kama gigabaiti 8 kwa sekunde. Kwenye mazabodi ya PCIe 3.0 ni nusu yake. Gemu ikijaza zile gigabaiti 4, kadi inalazimika kwenda kuazima kwenye RAM ya kompyuta kupitia kijia hicho, na hapo gemu inaanza kuchechemea. Sasa niambieni, nani ananunua kadi ya bei ya chini? Ni mwenye mazabodi ya zamani. Kadi imekata mguu ule ule ambao mnunuzi wake anauegemea. Mwenye mazabodi mpya angeweza kuishi nayo. Mwenye ya zamani, ambaye ndiye anayeitafuta, anapata nusu kadi.

Na kadi za Intel za Arc ziko vivyo hivyo kwa upande mwingine. B580, iliyotoka Desemba 2024, ina gigabaiti 12 na ni kadi ninayoipenda kwa mtu mwenye mashine ya karibuni. Lakini inataka mazabodi iwe na Resizable BAR, uwezo unaoiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa pamoja, na iwe imewashwa kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi ya mazabodi. Isipokuwepo, kasi inaporomoka vibaya. Kwa hiyo kabla hujauliza kadi ipi ni nzuri, niambie kwanza itakaa kwenye nyumba gani.

Mnataka majina, naona kalamu zimeinuka. Nitayataja, ila myachukulie kama mifano. Kama skrini yako ni ya 1920 kwa 1080, hizo ni pikseli milioni mbili na kidogo, na huna haja ya kumwonea wivu mwenye skrini ya 4K anayelisha pikseli mara nne yake. Kwa gemu mpya chukua gigabaiti 8, usishuke hapo, na ukiweza panda. RX 6600 ya mwaka 2021 ina gigabaiti 8, inakula wati 132, bado inafanya kazi ya heshima. RTX 4060 inakula 115, inamfaa mwenye pawasaplai ya wastani. B580 nimeshaisema. Kama unacheza gemu nyepesi za mashindano, za wachezaji watano kwa watano, hata hizo zinaweza kukuzidi, na prosesa yenye grafiki ya ndani kama Ryzen 5 5600G ikiwekewa RAM vipande viwili badala ya kimoja inaweza kukutosha mpaka utakapojipanga. Vipande viwili, nimesema. Hapo pia ni habari ya mlango wa stoo, maana grafiki ya ndani inatumia RAM ya kompyuta kama stoo yake.

Mtumba. Muda unanikimbia lakini siwezi kuuruka. Mtumba ni mzuri, mimi mwenyewe natumia. Septemba 2022 Ethereum, ile sarafu ya kidijitali, iliacha kuchimbwa, yaani kuzalishwa, kwa kadi za grafiki, na kadi nyingi zilizokuwa zikikesha kwenye kazi hiyo zikaingia sokoni. Kadi iliyochimba si lazima iwe imeharibika. Zungusha feni kwa kidole, sikiliza kama zinakwaruza. Omba ichezeshwe gemu nzito kwa nusu saa mbele ya macho yako, ukitazama joto na ukiangalia kama picha inatoa madoa. Muuzaji akikataa, muage kwa heshima uondoke. Na tembea na GPU-Z kwenye flashi, kwa sababu kuna kadi za kale zilizobadilishwa BIOS, programu ya ndani ya kadi yenyewe, zikajifanya GTX 1050 Ti. Ukiifungua, programu hiyo inaweza kukuandikia neno FAKE mbele ya jina la kadi. Na hata kadi halali, angalia umri wake: tangu mwishoni mwa 2024 kuna gemu kubwa ambazo hazifunguki kabisa kama kadi haina sehemu za kukokotoa miale ya mwanga. GTX 1060 na RX 580 hazina. Kama gemu zako ni za miaka ya nyuma, nunua kwa amani. Kama unasubiri gemu za mwakani, usinunue.

Pawasaplai nilitaka kuipa robo saa, nimebakiwa na dakika. Nitasema hili moja: usiamini wati zilizoandikwa kwa rangi kubwa. Soma jedwali dogo la ubavuni, tafuta safu ya volti 12, chukua ampea zake zidisha kwa 12. Nimeshika mkononi pawasaplai iliyoandikwa wati 500, safu ya volti 12 inasema ampea 18. Hizo ni wati 216, na prosesa na kadi zote zinakula hapo hapo. Usichomeke kadi yako mpya kwenye kitu kama hicho, hata kwa siku moja ya kujaribu.

Mambo ya joto ndani ya kasha na vipimo vya urefu wa kadi tutayazungumza kikao kingine. Ila pimeni kwa rula kabla ya kununua, nawaomba. Na kebo ya skrini ichomekwe kwenye kadi, isichomekwe kwenye mazabodi! Nimefungua kompyuta zaidi ya moja ambayo kadi yake ilikuwa imekaa bure tangu siku iliyonunuliwa, kosa likiwa hilo tu.

Maswali. Wewe dada uliyeketi mstari wa pili, naona umekuja na boksi. Bado hujalifungua? Vizuri sana, usilifungue, na risiti usiitupe. Inua tuone. Hapana, mbele tumeshapaona, ligeuze ubavuni. Kuna maandishi madogo hapo chini ya msimbo wa mistari. Tusomee kwa sauti.