Maarifa yataongezeka: Danieli 12:4 tukiwa Mtwara

TUMAINI: Bwana Yesu asifiwe, wasikilizaji wetu. Tunarekodi hapa Shangani, Mtwara, na upepo wa bahari unapiga madirisha, mtatuvumilia. Niko na Mwalimu Stefano. Shikamoo, Mwalimu.

STEFANO: Marahaba, mwanangu. Amina.

TUMAINI: Wiki hii watu watatu wa kikundi chetu cha vijana wamenitumia picha ileile. Roboti, na chini yake Danieli 12:4: "wengi wataenda mbio huko na huko, na maarifa yataongezeka." Halafu kwa maandishi mekundu: unabii umetimia. Nimeona tuanzie hapo.

STEFANO: Mtu mzima yeyote wa huku kusini atakuambia mbio hizo amezikimbia mwenyewe. Safari yangu ya kwanza kwenda Dar ilikuwa masika. Tulilala siku mbili Ndundu tukisubiri pantoni, Rufiji imejaa, maji mekundu yanapita na magogo. Mama mmoja alikaa chini ya lori akimpepea mtoto wake kwa kipande cha boksi, usiku kucha. Sikuwahi kumsahau. Daraja la Mkapa likafunguliwa 2003, lami ikafuata, na leo ukiondoka Mtwara alfajiri, jioni uko Mbagala.

TUMAINI: Na korosho je? Baba alikuwa anapiga mguu kwenda chama cha msingi kuulizia bei, anarudi hana jibu. Sasa mnada unaendeshwa kwa mfumo wa TMX, soko la bidhaa la Tanzania, wanunuzi wanaweka bei kwenye kompyuta, na kijijini watu wanaijua kwa simu siku hiyohiyo.

STEFANO: Kwa hiyo vijana hao siwabezi hata kidogo. Transista, kile kifaa kidogo cha umeme kilichomo ndani ya kila simu na kompyuta, ilitengenezwa 1947. Tim Berners-Lee akabuni wavuti 1989. ChatGPT, ile programu ya akili bandia, ikatoka Novemba 2022. Yote hayo yameingia ndani ya umri wa mzee mmoja! Anayeshtuka ana haki ya kushtuka. Ila nisomee mstari wote, tangu mwanzo wake.

TUMAINI: "Lakini wewe, Ee Danieli, yafunge maneno haya, ukakitie muhuri kitabu, hata wakati wa mwisho, wengi wataenda mbio huko na huko, na maarifa yataongezeka."

STEFANO: Kilichofungwa ni nini?

TUMAINI: Kitabu.

STEFANO: Kitabu. Basi maarifa yatakayoongezeka yana uhusiano na kile kitabu. Kiebrania kinasema hadaat, na ile "ha" ya mwanzo inayafanya yawe maarifa fulani, *yale* maarifa. Mimi nasimama na wanaosema Danieli anaahidiwa kwamba yaliyotiwa muhuri yatakuja kueleweka. Halafu hiyo "kwenda mbio huko na huko": kitenzi hichohicho kimo kwenye Amosi 8:12. Fungua.

TUMAINI: Hapa… watu wanatangatanga toka bahari hata bahari, wanapiga mbio huko na huko kulitafuta neno la Bwana, wasilione.

STEFANO: Na mstari wa 11 unaiita hiyo njaa. Njaa ya kukosa kusikia maneno ya Bwana. Hapo ndipo moyo unaniuma, Tumaini. Kijana ana Biblia nzima kwenye simu, ana tafsiri tano, ana mahubiri usiku na mchana kadiri bando linavyomruhusu. Muulize Danieli alikuwa mfungwa wa nani Babeli, anaanza kutafuta kwenye simu. Mbio zipo. Kuona ndiko hakupo.

TUMAINI: Mwalimu, niruhusu nikupinge kidogo. Neno hilo lilitufikia kwa teknolojia. Gutenberg alipopata mashine yake ya kuchapia kule Mainz, Ujerumani, kitabu chake kikubwa, kama mwaka 1455, kilikuwa Biblia. Na huku kwetu, Askofu Edward Steere, aliyeanzisha Masasi 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani, ndiye huyohuyo aliyetafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili, na Unguja walikuwa na mtambo wa kuchapia. Bila mtambo, bibi yangu angesoma nini?

STEFANO: Nakubali. Hilo sina la kulipinga, na nashukuru umelisema. Muhuri unaweza kufunguliwa kwa wino. Ninachokiogopa ni kuhesabu mashine ili kupata tarehe. Kule Marekani, Mei 24, 1844, Samuel Morse alipeleka kwa telegrafu, simu ya waya, maneno ya Hesabu 23:23, kutoka Washington hadi Baltimore. Ulimwengu ukastaajabu. Oktoba 22 ya mwaka uleule, maelfu waliomfuata mhubiri William Miller walimngoja Bwana arudi, kwa hesabu zilizotoka humu humu Danieli. Wengine hawakuvuna mashamba yao. Kukapambazuka. Wale watu walilia, na sipendi mtu awacheke, walimpenda Yesu kweli. Lakini Mathayo 24:36 ilikuwepo siku zote: siku ile na saa ile hakuna aijuaye.

TUMAINI: Kwa hiyo nikirudi kwenye kikundi niwajibu nini kuhusu ile roboti?

STEFANO: Waambie wasome sura yote, ina mistari 13 tu. Wasome kwa sauti, wakae nayo.

TUMAINI: Mimi nilishaanza, Jumapili, kwa bibi kule Masasi. Biblia yake anaiweka sandukuni, ameiviringisha kwenye kanga, jalada lina doa jeusi la utomvu wa korosho. Macho hayaoni tena herufi, kwa hiyo nilimsomea mimi. Nilipofika mstari wa 8, pale Danieli anaposema amesikia lakini hakuelewa, bibi akanishika mkono. Akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe hata yeye." Halafu akaniambia niendelee.